Madaftari Yangu Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu hapigi simu siku hizi. Anatuma ujumbe wa sauti, apate kusema bila kujibiwa. Wa mwisho niliusikiliza nikiwa kibandani kwangu hapa Same, mteja amesimama dirishani anasubiri kutoa hela, na kwa kuwa kidole kiligusa spika, mteja naye akausikia wote. "Mwalimu, panda nyumbani uje utoe makaratasi yako. Tangawizi inaingia Jumatatu, chumba kinatakiwa. Usipokuja nitayatia moto, halafu usije ukaninunia."

Mteja akaniuliza kama kweli mimi ni mwalimu. Nikamwambia aingize namba ya siri.

Mwalimu ndilo jina alilonibandika kaka tangu nilipomaliza chuo kikuu, na sijawahi kumsikia akilitamka bila kucheka kidogo puani. Shahada ya ualimu ninayo. Ajira sina. Nilijitolea kufundisha shule ya kata mpaka soli za viatu zikaisha, nikiambiwa nivumilie, majina yatatoka. Majina yalitoka, langu halimo. Yakatoka tena. Mwishowe nikaacha kufungua simu kuyatafuta, nikakodi kibanda cha miamala ya simu karibu na stendi, na jioni nafundisha twisheni watoto wa majirani. Hata hiyo twisheni imeanza kunishinda. Juzijuzi nilimwandikia binti mmoja notsi nzuri, nimezikumbuka zote kichwani, akanitazama kwa huruma akasema, "Madam, hiyo mada waliitoa kwenye mtaala mpya."

Hayo makaratasi anayoyasema kaka ni madaftari yangu yote, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita, pamoja na notsi za chuo. Yamo kwenye sanduku la bati la bluu, lile nililokwenda nalo bweni, na sanduku liko chini ya kitanda cha mama, kwenye nyumba ya baba juu ya Gonja. Nyumba ina vyumba viwili. Baba alipofariki, kaka aliingiza magunia ya tangawizi kwenye chumba alichokuwa akilala baba. Mama akahamia kwenye kile chumba changu cha zamani, akalala juu ya sanduku langu. Sasa kaka alikuwa anakitaka na hicho.

Kaka mwenyewe haishi mlimani. Amejenga Kisiwani, tambarare, nyumba ya bati la rangi na geti, na kazi yake ni kununua tangawizi kwa wakulima wa juu na kuiuza kwa wenye malori. Alikuwa akisema mbele za watu kwamba anamwonea mama huruma, aje akae kwake Kisiwani ale na kulala. Watu walimsifu. Mama hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema tu kwamba joto la kule linamvimbisha miguu.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka nipande, niyachome mwenyewe, nimnyime kaka raha ya kuyachoma. Sikuyataka tena. Nilimpigia mama kumwambia, na mama, ambaye hajui kusoma zaidi ya jina lake na namba za simu, akasema, "Usiyaguse. Yaache yalipo." Nikamuuliza yanamsaidia nini. Akasema mtandao unakatika.

Lazima nieleze kwa nini niliyachukia madaftari yangu mwenyewe, maana zamani niliyapenda sana. Baba aliyajalidia yote kwa karatasi za mifuko ya saruji, kwa mkono wake, akikunja pembe taratibu kama anakunja nepi ya mtoto. Hakuwa msomaji. Lakini nikirudi likizo aliniambia nimsomee nilichoandika, nami nilimsomea Kiingereza ambacho yeye hakukielewa na mimi nilikielewa nusu, akatikisa kichwa, akasema kumbe. Nilidhani siku moja yatanilipa.

Chuki ilianza siku tuliyoweka msalaba kwenye kaburi la baba. Baada ya ibada na chakula, ukoo ulikaa kikao uani. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji. Akagawa. Shamba la juu kwa kijana. Shamba la chini kwa kijana. Nyumba ya baba kwa kijana. Kisha akanigeukia mimi, binti pekee, akasema kwa upole kabisa: "Huyu binti tulimpeleka shule mpaka mwisho wa shule. Shule ndiyo shamba lake. Na zuri zaidi, halina mmomonyoko."

Watu walicheka. Ilikuwa kweli ni mzaha mzuri, kwa sisi watu wa milimani tunaoamka kila masika kukuta tuta limeshuka kwa jirani. Hata mimi midomo ilitaka kucheka kabla sijaelewa kwamba nimeshapewa urithi wangu, na kwamba umeisha.

Nilikuwa na la kusema. Kaka naye alipelekwa shule, akatoroka. Baba akauza ng'ombe wa maziwa akampeleka kujifunza udereva, akarudi bila leseni. Akanunuliwa pikipiki, akaigonga kwenye lori barabara ya Ndungu, akarudi na mguu uliofungwa plasta na ufunguo wa pikipiki mfukoni. Hakuna mzee hata mmoja aliyesema kwamba shamba la huyu ni ile pikipiki. Nilifungua mdomo nilitaje hilo, shangazi akanishika mkono, akaniambia chakula cha wageni waliochelewa hakijapakuliwa. Nikaenda jikoni. Kikao kiliendelea bila mimi, na mimi nikapakua wali kwa hasira mpaka ukamwagika.

Kilichoniuma zaidi ni kipande cha chini ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Linakusanya maji ya kijito usiku, asubuhi linafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Niliporudi kutoka chuo bila kazi, baba alinionyesha kile kipande, akasema, "Lima hapa, usikae bure." Nililima. Nilipanda maharage, nikapanda na tangawizi. Na ndiva inapojaa tope, kijiji kizima kinaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba itoe mtu mwenye jembe, na nyumba isiyotoa mtu inanyimwa maji. Kaka alikuwa Kisiwani, baba alikuwa anakohoa. Aliyeingia kwenye tope mpaka mapajani kwa niaba ya nyumba yetu ni mimi mwenye shahada. Zamu ya maji ya baba ilibaki hai kwa sababu ya miguu yangu. Baada ya kikao nilimuuliza msimamizi wa ndiva zamu ile ni ya nani sasa. Alikuwa mtu mwema, aliona aibu kunijibu. Akasema zamu inafuata shamba, na shamba ni la kaka yako.

Kuna rafiki yangu hapa Same aliyeniambia niende kwenye sheria, sheria inamtambua binti. Najua inamtambua, nimeisoma, ipo kwenye notsi zangu za uraia. Lakini ili sheria inisikie, mama asimame mbele ya watu aseme dhidi ya mtoto wake wa kiume ambaye ndiye atakayemzika. Sikuwa na moyo wa kumsimamisha. Kwa hiyo nilishuka Same na hasira zangu, na hasira zikatafuta kitu cha karibu, zikayapata madaftari.

Nilipanda Jumamosi. Kufika nyumbani, mlango ulikuwa wazi na mama hayupo. Jirani akasema kinamama wamekwenda kufanya usafi kanisani. Nyumba nzima ilinuka tangawizi, harufu kali inayokaa kooni. Jikoni, mama alikuwa amebandika makande, mahindi na maharage aliyoyaloweka tangu jana yake, na moto ulikuwa unataka kufa. Kuni zilizokuwepo hazikuzidi mkono mmoja. Nikalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikaliburuta mpaka jikoni, nikakaa kwenye kigoda.

Sikuwasha mara moja. Nilisoma kidogo, na ninajuta kwamba nilisoma. Mwandiko wa yule msichana ulikuwa mzuri, umenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Lakini kilichoandikwa kilikuwa nini? Kiingereza kilichonakiliwa ubaoni. Mwalimu wetu naye alikuwa akikinakili kutoka kwenye daftari lake la shuleni, limechakaa, amelifunga na uzi. Nami nilipojitolea shule ya kata niliyabeba madaftari haya haya nikanakili ubaoni, watoto wakanakili kwao. Hakuna kati yetu aliyekuwa anafikiri. Tulikuwa tunapitisha maandishi mikononi kama watu wanaopokezana matofali, na hakuna aliyeiona nyumba yenyewe.

Kwenye daftari la kilimo nilikuta nimechora matuta ya mlimani. Nimeyachora kwa uangalifu, na miti pembeni, na mishale ya kuonyesha maji yanavyopungua kasi. Mwalimu amenipa alama zote na kuandika chini pongezi. Nililitazama lile tuta la karatasi, nikatazama nje mlangoni matuta ya baba yaliyoshuka mpaka bondeni, yote ya kaka. Nikalichana daftari katikati, nikalisukuma chini ya chungu.

Ukitaka kujua thamani ya elimu, pikia makande. Karatasi inawaka kwa kelele na fahari, unadhani sasa chungu kitachemka, kumbe imeshakuwa jivu. Kidato cha kwanza kiliisha maji hayajatoa hata povu. Hisabati ilikuwa nyembamba kwa sababu nilikuwa naikimbia, haikufika popote. Historia ilikuwa nene, ikawaka vizuri, nikapata matumaini. Karatasi za saruji za baba ndizo zilizodumu zaidi. Zilijikunja pembe, zikakataa, zikafuka moshi wenye vumbi ulionitoa machozi, na nilifurahi kuwa na sababu ya kutoa machozi. Nilipomaliza kidato cha nne nilichota punje kwa mwiko nikaibonyeza. Hindi lilikuwa gumu vile vile nilivyolikuta.

Hapo mama akaingia. Kanga yake ilikuwa imelowa chini kwa maji ya kudekia kanisa. Alisimama mlangoni, akaliona sanduku limefunguliwa, akaona majivu.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Sijawahi kumsalimia mama akakosa kuitikia. Aliinama, akatia mkono motoni, akavuta daftari lililokuwa limeanza kushika, akaliponda na kandambili mpaka likazima. Kisha akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, akauliza, "Umechoma mangapi?"

"Nusu," nikasema. "Na nusu nyingine inafuata. Mama, haya hayana kazi. Hata mada zenyewe zimefutwa."

"Nani amekuuliza habari ya mada?" Alisema kwa Kipare, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jirani. "Siku ile ya msalaba, wewe ukiwa jikoni, waliniuliza nahamia lini Kisiwani. Kaka yako alishawaambia nimekubali. Sikuwa nimekubali. Ningewaambia nini? Nyumba wameshampa, mimi ni mjane tu. Nikawaambia siwezi kutoka, binti yangu amenikabidhi vitu vyake, viko chini ya kitanda changu, na mimi ndiye ninayevilinda. Baba yako mkubwa akafikiri. Akasema basi, mama atakaa chumbani kwake mpaka binti aje achukue vitu vyake. Wote wakaitikia, na kaka yako akaitikia."

Nilimwelewa palepale, na ningependa kusema nililia, lakini kwanza nilikasirika. Wazee wetu sheria ya mirathi inaingia sikio hili inatokea lile. Lakini amana wanaiogopa. Mtu aliyekabidhiwa kitu cha mtu haondolewi mahali mpaka mwenye kitu afike. Hilo hakuna anayelibishia, kuanzia kwa wachunga mbuzi mpaka kwa wazee wa kanisa. Mama alitafuta kila upande wa maisha yake kitu cha kumshikilia ndani ya nyumba aliyoikandika udongo kwa mikono yake, akakuta kimoja tu, madaftari yangu. Kaka alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakuyachoma kimya kimya siku zote zile. Alihitaji nipande mimi mwenyewe, mwenye mali, niyatoe kwa mkono wangu mchana kweupe. Nami nilikuwa nimepanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekwenda kumtukana, akajua ninachokishikilia ni kidogo hivi." Alilifuta lile daftari lililoungua kwa upindo wa kanga. "Halafu nilijua unayapenda. Nilikuona ulivyokuwa unayasoma na baba yako. Sikuwaza kabisa kwamba wewe ndiye ungeyachoma."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Miaka yote nilidhani mama anayatunza kwa fahari, kama wale wanaotundika picha ya mahafali sebuleni hata mtoto akiwa amekaa bure. Nilimdharau kidogo kwa fahari hiyo, nikamwona mshamba anayedhani karatasi ni mali. Yeye alikuwa ameshaona kabla yangu kwamba hayana kazi yoyote duniani isipokuwa moja, na hiyo moja ameishikilia kwa meno.

Tukafanya tulichoweza. Mama alitoka nyuma ya nyumba akarudi na mafiga ya zamani, yale mawe aliyopikia kabla hatujajenga jiko hili, nikayafunga kwenye gunia yasigongane, nikayalaza ndani ya sanduku, chini kabisa. Juu yake nikapanga magunzi ya mahindi. Juu kabisa nikatandaza yaliyosalia: kidato cha tano, cha sita, na notsi za chuo zilizopigwa kopi, ambazo nyingine sikuwahi hata kuzisoma. Ukifunua unaona madaftari. Ukinyanyua unapata uzito. Tulilisukuma wote wawili mpaka chini ya kitanda, nikalifunga kwa kufuli, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Kisha mama akazitoa kuni alizokuwa amezificha darini kwa ajili ya Krismasi, akauwasha moto wa kweli.

Kaka alifika jioni na vijana wake wawili, wamebeba chaga za kupangia magunia. Alimsalimia mama, akaniita Mwalimu, akaingia moja kwa moja chumbani. Tulimsikia akilivuta sanduku. Lilitoka kidogo, likakwama. Akarudi jikoni anajifuta mikono.

"Hujayatoa?"

"Siyatoi," nikasema. "Sina mahali pa kuyaweka Same. Yakae hapo, mama anilindie."

Alinitazama, akatazama majivu meupe yaliyojaa jikoni, majivu ambayo hayakufanana na ya kuni. Sina hakika kama alielewa. Kaka si mjinga. Wale vijana walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, na mbele yao hakuweza kumtoa mama juu ya amana ya mtu. Akamgeukia mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kicheko.

"Yatakaa mpaka lini?"

"Mpaka mnizike," mama akasema. "Mkishanizika aje achukue vitu vyake."

Kaka akawaambia vijana waziegemeze zile chaga ukutani nje, akavuta kigoda, akakaa. Makande yalikuwa yameiva. Mama akafunua chungu, akampakulia sahani iliyojaa, akaongeza na parachichi. Kisha akaniambia nimletee kaka yangu maji ya kunawa. Nikayaleta, nikammiminia.